Mia Hamm: Mfungaji wa Mabao Hafungi Peke Yake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, mwisho wa semina ya uongozi)



 Leo hatutaongea juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Tutaongea juu ya mpira wa miguu. Tunaona kina mama kadhaa wanacheka huko nyuma. Chekeni tu, lakini msitoke. Habari hii ni yenu.

Kila tunapotembelea vikundi tunakuta shida mbili. Ya kwanza, kikundi kina mtu mmoja hodari na wengine wote wamemwachia kazi. Akiugua au akihama, kikundi kinakufa. Ya pili, kikundi kina mtu hodari na wengine wanamwonea kijicho mpaka anaondoka. Shida hizi zote zina swali moja ndani yake: mtu mwenye kipaji na kikundi chake waishi namna gani?

Tumeona tulijibu swali hilo kwa maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Mia Hamm. Yeye alikuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya nchi yake tangu 1987 mpaka 2004. Alifunga mabao 158 ya kimataifa. Siku alipostaafu hapakuwa na mtu mwingine duniani, mwanamume wala mwanamke, aliyeifungia timu yake ya taifa mabao mengi kuliko hayo. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema, "Mimi ndimi timu," ni huyu. Sasa tuangalie kama alisema hivyo.

MTOTO MWENYE MGUU ULIOPINDA

Mia Hamm alizaliwa tarehe 17 Machi 1972 katika mji wa Selma, jimbo la Alabama. Baba yake alikuwa rubani wa jeshi la anga, na mama yake aliwahi kuwa mcheza densi. Mtoto alizaliwa na mguu uliopinda kuelekea ndani. Wazazi hawakumficha. Alifungwa plasta, halafu akavalishwa viatu maalum mpaka mguu ukanyooka.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili liko vijijini mwetu. Mtoto akizaliwa na mguu wa namna hiyo, si laana, wala si kosa la mama. Unatibika. Mpelekeni hospitali mapema, katika wiki zake za kwanza kama inawezekana, wakati mifupa bado ni laini. Daktari hunyoosha mguu pole pole na kuufunga plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa. Baadaye mtoto huvaa viatu maalum wakati wa kulala mpaka afike miaka minne hivi. Wazazi wengi huacha viatu hivyo mapema kwa sababu wanaona mguu umeshapona. Msiache, maana mguu hurudi ulivyokuwa. Kikundi kinaweza kumsaidia mama nauli ya kwenda kliniki kila wiki. Hiyo ni kazi ya kikundi kama ilivyo kununua viti na sufuria.

Kwa sababu ya kazi ya baba, familia ilihama mara nyingi. Walikaa Italia, nchi inayopenda mpira sana, na baadaye Texas. Mia alipokuwa na miaka mitano, wazazi wake walimchukua mtoto yatima wa miaka minane, jina lake Garrett, wakamlea kama mtoto wao. Garrett alipenda michezo yote. Wavulana walipogawana timu, yeye alimchagua dada yake mdogo acheze upande wake. Wengine waliona kasichana, Garrett aliona mchezaji. Mtu huyo mkumbukeni, tutarudi kwake.

MLANGO ULIOFUNGULIWA NA SHERIA

Tusidhani nchi za Wazungu zilikuwa na nafasi kwa wasichana siku zote. Uingereza, mwaka wa 1921, chama cha mpira kiliwakataza wanawake kutumia viwanja vya vilabu vyake, na katazo hilo lilikaa karibu miaka 50. Brazil, ambayo tunaisifu kwa mpira, iliwakataza wanawake kwa sheria tangu 1941 mpaka 1979. Marekani wasichana hawakukatazwa, lakini shule nyingi hazikuwa na timu wala kocha kwa ajili yao.

Mwezi wa Juni 1972, Mia akiwa na miezi mitatu tu, rais wa Marekani alitia sahihi sheria iliyosema kwamba shule au chuo kinachopokea pesa za serikali kuu hakiwezi kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke. Wakati ule wasichana waliokuwa katika timu za shule za sekondari nchini humo hawakufika 300,000. Leo ni zaidi ya milioni 3. Je, wasichana wa Marekani walipata miguu mipya baada ya 1972? Hapana. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mlango.

Kwa hivyo tunapowaambia mshiriki mikutano ya shule, mwulize pesa za mipira zinanunua nini na nani anachezea uwanja, hatuwatumi kutafuta ugomvi. Mwaka wa 2016 timu yetu ya wanawake, Harambee Starlets, ilicheza kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Kombe la Afrika kule Cameroon. Wasichana wale walitoka katika vijiji na mitaa kama yetu.

MIAKA KUMI NA MITANO

Mwezi wa Agosti 1987 Mia aliichezea timu ya taifa mara ya kwanza, dhidi ya China. Alikuwa na miaka 15. Timu yenyewe ilikuwa imecheza mechi yake ya kwanza miaka miwili tu kabla ya hapo. Sare za kwanza zilikuwa za wanaume, na wachezaji walipewa dola 10 kwa siku. Hapakuwa na utajiri wa kukimbilia.

Alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina, na timu ya chuo ilichukua ubingwa wa vyuo mara nne akiwa ndani. Mwaka wa 1991 hakuichezea timu ya chuo, akaenda na timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, kule China. Alikuwa na miaka 19, mdogo kuliko wote katika timu. Marekani ilishinda fainali 2-1 dhidi ya Norway, na mabao yote mawili yalifungwa na Michelle Akers. Huyo Akers ndiye aliyekuwa nyota wakati huo. Mia alipangwa pembeni akatumika pembeni, akajifunza.

Sasa sikilizeni kisa cha 1995, Kombe la Dunia la Sweden. Marekani walikuwa wanacheza na Denmark. Mwishoni mwa mechi kipa wao, Briana Scurry, alitolewa nje na refa, na nafasi zote za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha. Nani atasimama golini? Mia Hamm, mshambuliaji, alivaa sare ya kipa na glavu akasimama. Marekani walishinda 2-0. Hakusema, "Mimi kazi yangu ni kufunga." Katika vikundi vyetu tuna watu ambao wakishachaguliwa kuwa mwenyekiti hawashiki jembe tena. Wajifunze hapo.

TISA WALIOSIMAMA PAMOJA

Mwaka wa 1996 mpira wa wanawake uliingia katika michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na michezo hiyo ilikuwa Marekani. Lakini mwishoni mwa 1995 kulikuwa na mvutano. Shirikisho la mpira liliwapa wachezaji mkataba unaosema watapata bonasi wakishinda dhahabu tu. Wakipata fedha au shaba, hakuna kitu. Wachezaji tisa walikataa kutia sahihi, Mia akiwa mmoja wao. Wote tisa walifungiwa nje ya kambi ya mazoezi.

Wakati huo Mia alikuwa ndiye anayejulikana zaidi, na makampuni yalikuwa yanamtafuta. Mtu kama huyo angeweza kwenda kimya kimya kuomba mkataba wake peke yake. Akiondoka yeye, wale wanane wangebaki na nini? Alibaki nao. Mwishowe shirikisho lilikubali kuongeza bonasi ya medali ya fedha, na wote wakarudi mazoezini. Mwanzo wa 2000 mvutano ulirudi. Timu ilikataa kusafiri kwenda mashindano ya Australia mpaka mkataba ueleweke, na wakapata mkataba mpya wa miaka mitano.

Angalieni mambo matatu waliyofanya. Walijua wanachotaka, na kilikuwa kimeandikwa. Walikubaliana kabla ya kuingia mkutanoni, si baada. Na yule mwenye nguvu zaidi kati yao aliitumia nguvu yake kwa ajili ya wote. Dalali wa maziwa au wa chai akija kijijini, kitu cha kwanza anachofanya ni kumtafuta yule mmoja mwenye ng'ombe wengi, amwongezee bei kidogo pembeni. Mnaijua hiyo. Yule mmoja akikubali, kikundi kimekwisha, na mwaka unaofuata hata yeye atapewa bei ya chini kwa sababu hana watu nyuma yake.

Fainali ya Olimpiki ilichezwa tarehe 1 Agosti 1996 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mbele ya watu zaidi ya 76,000. Mia alicheza na kifundo cha mguu kilichoumia, mpaka dakika za mwisho alitolewa kwa machela. Marekani 2, China 1. Jina lake halimo katika wafungaji wa siku hiyo. Bao la kwanza lilitoka kwa mpira aliopiga yeye ukazuiwa na kipa, na mwenzake Shannon MacMillan akaumalizia. La pili lilianza kwa pasi yake, ikafika kwa Joy Fawcett, naye akampa Tiffeny Milbrett. Ndiyo maana wanaohesabu mabao yake 158 wanahesabu pia pasi zake zilizozaa mabao ya wengine. Ni zaidi ya 140.

GARRETT

Tulisema tutarudi kwa Garrett. Kaka huyu alipata ugonjwa ambao uboho ndani ya mifupa unaacha kutengeneza damu. Mapema mwaka wa 1997 alipandikizwa uboho wa mtu mwingine. Haukumwokoa. Alifariki mwezi wa Aprili 1997, akiwa na miaka 28.

Mia alimzika kaka yake, akarudi uwanjani. Mwaka wa 1999 alianzisha shirika lenye jina lake kwa kazi mbili: kusaidia wagonjwa wanaohitaji kupandikizwa uboho na familia zao, na kuwapa wasichana nafasi katika michezo. Kazi zote mbili ni za Garrett, ukitazama vizuri. Yeye ndiye aliyeugua, na yeye ndiye aliyempa msichana nafasi.

Wengi wetu hapa tumezika. Tunajua kuchanga pesa za matanga, na ni vizuri. Lakini baada ya matanga, tunafanya nini kuhusu kile kilichomwua mtu wetu? Kama ni damu iliyokosekana wakati wa kujifungua, kikundi kinaweza kwenda kutoa damu. Kama ni maji machafu, kikundi kinaweza kulinda chemchemi. Kilio kikipewa kazi, kinazaa.

SIKU YA WATU 90,185

Mwezi wa Mei 1999 Mia alifunga bao lake la 108, akavunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyokuwa ya mchezaji wa Italia. Kwa hivyo Kombe la Dunia lilipoanza Marekani mwezi uliofuata, picha zilikuwa zake kila mahali. Alifunga mabao 2 tu katika mashindano yote, yote mawili katika mechi za kwanza.

Fainali ilikuwa tarehe 10 Julai 1999, karibu na Los Angeles, mbele ya watu 90,185. Marekani na China walimaliza bila bao. Katika muda wa nyongeza mpira wa China ulikuwa unaingia, na Kristine Lilly akauondoa kwa kichwa kwenye mstari wa goli. Zikaja penalti. Kipa Scurry, yule wa 1995, akazuia moja. Mia alipiga ya nne akafunga, na Brandi Chastain akapiga ya mwisho akamaliza kazi, 5-4. Basi niambieni, nani alishinda kombe? Lilly na kichwa chake? Scurry na mikono yake? Mkiondoa mmoja, kombe linakwenda China. Mkono mmoja haulei mwana.

PESA ZILIPOKWISHA

Tusiwape habari za ushindi tu. Mwaka wa 2001 ilianzishwa Marekani ligi ya wanawake wa kulipwa, yenye timu nane. Wachezaji 20, Mia akiwa mmoja, walihesabiwa kuwa waanzilishi. Wenye mitaji waliweka dola milioni 40 za kutumika kwa miaka mitano. Zilikwisha katika mwaka wa kwanza! Waliona umati wa 1999 wakadhani utakuja kila wiki. Wachezaji waanzilishi walikubali kupunguziwa mishahara ili ligi iishi, lakini tarehe 15 Septemba 2003, siku tano kabla ya Kombe la Dunia, ligi ilifungwa.

Hapa waweka hazina wafungue masikio. Siku ya harambee si siku ya kawaida. Watu waliojaa siku mgeni rasmi alipokuja hawatarudi kila Jumanne kusaga mahindi katika mashine yenu. Kabla ya kununua mashine, pigeni hesabu ya dizeli, mshahara wa mwendeshaji na vipuri kwa mwaka mzima. Jitihada ya wanachama ni kitu kikubwa, lakini haiwezi kujaza shimo lililochimbwa na hesabu mbaya.

Wanawake wale hawakukata tamaa. Ligi nyingine ilianza 2009 ikasimama 2012. Ya tatu ilianza 2013 na timu nane, kwa mishahara midogo na matumizi ya kubana, na mpaka leo ipo, imekua.

KUACHIA NAFASI

Katika ile ligi ya kwanza Mia alikuwa timu ya Washington, na mwaka wa 2002 aliletewa mshambuliaji kijana, Abby Wambach. Wawili hao wakacheza pamoja mbele. Katika fainali ya ligi ya 2003 Washington walishinda 2-1, na mabao yote mawili yalikuwa ya Wambach. Mwaka wa 2004, katika Olimpiki ya Ugiriki, bao la dhahabu dhidi ya Brazil lilikuwa la Wambach tena. Mia alibeba bendera ya nchi yake siku ya kufunga michezo, na tarehe 8 Desemba 2004 akacheza mechi ya mwisho, pamoja na wenzake wawili wa siku nyingi, Julie Foudy na Joy Fawcett. Hata kuaga hakuaga peke yake.

Mwezi wa Juni 2013 Wambach aliivunja rekodi ya mabao 158. Baadaye Christine Sinclair wa Kanada alimpita Wambach, akafika 190. Na mwezi wa Mei 2022 shirikisho la Marekani lilitangaza mikataba ya kuwalipa timu ya wanawake na timu ya wanaume sawasawa. Wale tisa wa 1995 walikuwa wameshastaafu wote. Walipanda mti, wengine wakakaa kivulini.

Wapendwa, tuna wenyeviti waliokaa kitini miaka 15, na ukiwauliza nani atawafuata wanakasirika. Kiongozi mzuri anajulikana siku anapoondoka na kazi inaendelea. Mwenye kipaji ni zawadi ya Mungu kwa kikundi chote. Msimwachie mzigo wote, na msimfukuze kwa kijicho. Mpeni mpira, na yeye arudishe pasi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani akikosa miezi mitatu kazi itasimama? Tumfundishe nani kazi hiyo?

2. Tunauza nini kwa dalali? Tuna bei moja tuliyokubaliana na kuiandika?

3. Kuna mtoto mwenye ulemavu anayefichwa nyumbani? Nani atakwenda kuongea na mama yake wiki hii?

4. Wasichana wetu wana uwanja, mpira na muda wa kucheza baada ya kuteka maji? Kama hawana, tuanzie wapi?

Andikeni majibu katika kitabu cha kumbukumbu, tutayasoma pamoja tukija kuwatembelea.